Mweka Hazina na Fungu la Chang-beom

Mimi na Tak Sun-im tunatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Upande wangu kuna mvuke, pasi na suruali za watu, maana mimi ni dobi. Upande wake ni duka la vitoweo vya kulia wali: majani ya perilla, mboga ya harufu kali, yaliyolowekwa kwenye soya, dagaa waliokaangwa na sukari, kimchi ya kila aina, yaani kabichi iliyochachushwa na pilipili. Mtaa mzima wa Hoewon unamwita Mama Hyeon-u, kwa jina la mwanawe aliyeko Seoul, anayepiga simu siku akikumbuka kwamba ana mama. Sisi wa ukoo tunamwita Mweka Hazina. Na nikisema ukoo sina maana ya damu, nina maana ya ukoo wa kwenye gemu.

Cheka tu. Najua unachowaza: mwanamke wa miaka hamsini na nane na dobi mwenye kipara wanashinda kwenye kompyuta wakipigana na majitu. Haya, umemaliza kucheka? Sasa nisikilize. Hapa mjini Masan watu wa rika letu tuliingia kwenye gemu hilo, Ngome Tisa, zamani, wakati kazi zilipokauka na wanaume wakawa wanajificha kwenye vibanda vya kompyuta kwa kuona haya kurudi nyumbani mchana. Wengine walichukuliwa na pombe, sisi tukachukuliwa na gemu. Mke wangu anasema bora ingekuwa pombe, maana mlevi angalau hulala.

Kwenye Ngome Tisa jitu kubwa likiuawa hudondosha kitu, tuseme upanga. Upanga huo haupo, huwezi kukatia hata kitunguu. Lakini kuna tajiri mahali fulani ana hela na hana muda, yuko radhi kuununua kwa won, fedha ya kweli ya Korea, kupitia tovuti ya madalali, na bei yake inaweza kupita ya gari langu la kubebea nguo. Shida ni kwamba jitu lile haliuawi na mtu mmoja. Mnakwenda ukoo mzima, mnapigana mpaka vidole vinakufa ganzi, halafu kinadondoka kitu kimoja. Mtagawanaje upanga mmoja? Mnauuza, mnagawana fedha. Hapo ndipo koo nyingi huvunjikia. Anayeuza huzima simu, hubadilisha jina, basi, hamumwoni tena.

Sun-im hakuzima simu. Huyu mama kazaliwa mweka hazina. Chama cha waliosoma naye shule ya msingi, mweka hazina ni yeye. Chama cha wapanda milima, yeye. Wenye maduka wakitaka kwenda kula samaki wa kuchemsha na pilipili, yeye ndiye anayelipa kwanza na kuwadai baadaye, na hajawahi kukosea hesabu wala kumdai mtu mbele za watu. Siku moja nilimtania nikamwambia, "Mama Hyeon-u, wewe hata siku ya msiba wako utaamka uhesabu rambirambi." Akanijibu palepale, "Nitaamka, maana nikiwaachia nyinyi mtazinywa zote."

Kwa mchezo wenyewe alikuwa hovyo, Mungu anisamehe. Kwenye gemu yeye ni mganga, kazi yake kuponya majeruhi, lakini alikuwa anakufa wa kwanza, mlangoni kabisa, sisi bado hatujachomoa silaha. Hakuna aliyejali. Vitu vyote vya ukoo viliuzwa kwa jina lake, fedha zikaingia benki kwake, na kabla ya jioni kila mtu keshapata fungu lake. Miaka yote hiyo hakujikatia hata won moja ya usumbufu. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza ni busara gani hiyo, ukoo mzima kuuza kwa jina la mtu mmoja. Kwetu ndivyo vyama vyote vinavyokwenda: mnamtafuta mwaminifu, mnamtwisha kila kitu, mnakwenda zenu kula.

Sasa nikwambie habari za Guk Chang-beom. Huyu alikuwa fundi wa kuchonga vyuma kwenye karakana moja ndogo. Siku moja mzigo ulikatika kwenye kreni ukamvunja mgongo, na karakana ikafilisika kabla hajatoka hospitali. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari. Anaishi peke yake kwenye chumba cha chini, barabara ya pili kutoka kwetu, kwa posho ya serikali na kadi ya matibabu ya bure. Kadi hiyo ndiyo roho yake. Mtu wa hali yake hupata vidonda vya mgongoni, mpira wa mkojo unaziba, figo zinaanza maneno yake, na kila baada ya muda lazima alazwe.

Lakini kwenye gemu, wee! Kwenye gemu anaitwa Radi, na adui wakiliona jina hilo porini wanatimua mbio. Sisi tukiwa makazini, yeye ndiye analinda mapori yetu, anajua jitu litatokea wapi na nani atakuja kulinyang'anya. Nusu ya tulivyopata ni jasho lake, kwa hiyo ukoo ulikubaliana Radi apewe mafungu matatu. Hakuna aliyemjua sura. Wenzetu waliamini ni kijana wa kitajiri asiye na la kufanya, wakawa wanamtania, "Radi, mwambie baba akununulie mke!" Naye anacheka tu. Ni mimi na Sun-im peke yetu tuliojua kwamba yule anayekimbia kuliko wote hawezi hata kusimama.

Tena ni sisi tu tuliojua jinsi fungu lake lilivyomfikia. Fedha ikionekana benki kwake, posho inakatwa na kadi inachukuliwa, kwa sababu kadi ile ni ya mtu ambaye daktari ameandika kwamba hawezi kazi. Basi Sun-im alikuwa anampelekea chakula, na chini ya majani ya perilla, ndani ya mfuko wa nailoni, kuna noti. Sikuambii kwamba ni halali. Ninachojua ni kwamba godoro la upepo linalomzuia kuoza mgongo alilinunua mwenyewe, na bila noti zile asingekuwa nalo.

Majira ya machipuko yale tuliteka Ngome ya Kaskazini. Ukiteka ngome, mji ulio chini yake ni wako, na kila anayenunua kitu madukani, hata dawa ya kidonda, unamkata ushuru. Mwenyekiti wetu, bwana Seo, ambaye nje ya gemu anafundisha watu kuendesha magari, alipandisha ushuru mpaka mwisho siku ileile. Jamani, tulitukanwa! "Wezi! Wanyonyaji! Mtazikwa na ushuru wenu!" Mimi nikawa nawajibu kwa raha zangu, "Hutaki, hama mji!" Haikupita miezi mingi, ofisi ya kodi ya kweli ikamwita Sun-im.

Alikuja kwangu na karatasi ya wito, mikono bado ina pilipili. "Pyo, hebu nisomee. Naona macho yangu yananichezea." Hayakumchezea. Tovuti ya madalali hupeleka serikalini taarifa za nani kauza na kwa kiasi gani, na jina la Tak Sun-im lilikuwa limeuza kuliko maduka yetu mawili yakijumlishwa. Nilifunga duka langu nikamsindikiza.

Afisa aliyetupokea alikuwa binti mmoja anaitwa Yang, mpole, macho yamechoka. "Mama," akamwambia, "umefanya biashara miaka kadhaa bila leseni."

"Leseni ninayo, mwanangu. Ya vitoweo."

"Sizungumzii vitoweo. Umeuza panga, ngao, pete."

"Hizo hazipo."

"Hela zilikuwepo?"

"Hela zilikuwepo."

"Basi."

Mimi uvumilivu ukanishinda. "Dada, hebu subiri. Kampuni ya gemu yenyewe imeandika kwamba kila kitu kilichomo mle ni mali yake. Mchezaji hamiliki hata kiatu. Sasa utamtozaje mtu kodi kwa kuuza kitu ambacho si chake na tena hakipo?"

"Wewe ni nani yake?"

"Jirani."

"Basi jirani, kaa chini."

Nikakaa. Akaendelea kwa sauti ya chini, "Mzee, hata mimi kuna mambo humu yananizidi. Lakini sheria haiulizi kama upanga unakata. Inauliza fedha iliyoingia. Na mtu akiuza leo, kesho na keshokutwa, huyo ni mfanyabiashara." Akaanza kutaja: kodi ya ongezeko la thamani, kodi ya mapato, faini ya kutojiandikisha, faini ya kuchelewa. Nikachungulia jumla. Ilikuwa inakaribia amana yote ambayo Sun-im ameiweka kwa mwenye nyumba ili apangishwe lile duka. Amana ikiondoka, duka nalo limeondoka.

"Fedha hizi si zangu," Sun-im alisema. "Mimi mweka hazina tu."

"Hilo ndilo nilitaka kulisikia, mama. Niletee waliopokea, kila mmoja akiri kwa sahihi yake. Tutamhesabia kila mtu chake, na wengi fungu lao dogo, hawatadaiwa kitu. Ila kila fungu nijue limekwenda kwa nani. Lisilo na mwenyewe litakuwa lako."

Nilidhani ukoo utamkimbilia. Lo! Alipoandika habari hizo kwenye kundi letu la simu, lilikaa kimya mpaka nikafikiri mtandao umekatika. Kisha mmoja wetu, mwalimu wa sekondari ambaye kazi yake haimruhusu biashara ya pembeni, akaandika, "Mimi nilikuwa nacheza kujiburudisha tu," akajitoa kundini. Mwingine akaandika, "Mweka Hazina, mke wangu akijua nilikuwa na hela siku zile nalia sina, nimekwisha." Naye akala kona. Mimi niliandika matusi ambayo sitayarudia hapa.

Sun-im hakumtukana mtu. Aliwapigia simu mmojammoja, kwa sauti ileile anayowadai nayo wapanda milima, na siku zikienda sahihi zikaanza kuja. Hata yule mwalimu alirudi, shingo upande. Kidogokidogo mzigo ukapungua, lakini yeye mwenyewe alikuwa anakonda, uso umemsawajika, akisikia pikipiki ya posta anashtuka. Mwisho likabaki fungu moja tu, la Radi, na lilikuwa kubwa kuliko ya wote, kiasi cha kutosha kumtoa dukani.

"Mwambie asaini," nilimwambia. Alikuwa anapaka kabichi pilipili, jani kwa jani.

"Halafu?"

"Halafu nini? Asaini, ubaki na duka lako."

"Pyo, kichwani una akili au una mvuke? Akisaini, kesho kadi haipo. Na watu wa posho watamdai warudishiwe walichompa nyuma. Juzi tu katoka kulazwa kwa figo. Atalipa na nini, na ngao?"

"Na wewe utalipa na nini?"

Akapaka jani jingine. "Nitasema nilikula mimi."

"Ebo! Utasema nini?"

"Nilikula. Nilinunua mikoba. Wanawake si hununua mikoba?"

Nilimtazama, aproni yake ya plastiki, kandambili zake. "Wewe? Mikoba? Nani ataamini?"

"Karatasi itaamini."

"Na ukoo je? Watakuita mwizi. Wewe, Sun-im, uitwe mwizi."

Mikono yake ikasimama, nikajua nimemgusa pabaya. Akasema taratibu, "Waniite. Mimi nikiitwa mwizi silazwi hospitali. Chang-beom nimemwambia fungu lake limeshashughulikiwa. Ukimwambia vingine, mimi na wewe basi." Nilirudi kwangu nikaunguza suruali ya mtu.

Siku ya kwenda kujibu alifunga duka asubuhi, akavaa lile koti lake la kuendea harusi, akaenda kupanda basi. Alinikataza nisimsindikize, eti mdomo wangu unamharibia. Nikabaki napiga pasi roho juu. Mara simu ikaanza kulia mfululizo. Kundini, Mwenyekiti Seo ameandika: "Wote tumesaini isipokuwa Radi, na Radi ndiye aliyepata nyingi. Vipi, mtoto wa tajiri, unataka tukubembeleze?" Wengine wakadakia, kila mtu na lake. Kabla sijapata la kusema, Sun-im akajibu, bila shaka akiwa ndani ya basi: "Radi msimguse. Hajawahi kupokea. Mafungu yake nilikuwa nakula mimi."

Watu walewale aliowapigia simu kwa upole wakamvaa. "Kumbe!" "Mama mzima!" "Mimi nilijua tu, mtu gani anafanya kazi bure?" Yule mwalimu, wa kwanza kukimbia, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika neno mwizi. Nikaandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Kulisema lile jambo ni kummaliza Chang-beom, kunyamaza ni kumwacha Sun-im achunwe ngozi mbele yangu. Nilikuwa nimesimama hivyo, pasi inafuka mvuke, Chang-beom mwenyewe akapiga. Hakusalimu.

"Kaka, gari lako lina mafuta?"

"Halina."

"Kaka."

"Lina."

"Njoo unichukue."

Nilimkuta ameshavaa shati la mikono mirefu, kola kaifunga mpaka juu. Nikambeba hadi kiti cha mbele. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotazamia, na hilo liliniuma. Kiti chake cha magurudumu nikakisukumia nyuma katikati ya makoti ya watu, tukaondoka.

"Nisikilize, mdogo wangu," nikaanza. "Dada yako keshaamua. Ukifungua mdomo, umemwaga kazi yake yote, na wewe umekwisha. Ile kadi ikiondoka hairudi leo wala kesho. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi tugeuze?"

"Hapana."

"Una kichwa kigumu wewe!"

"Kaka, umesoma walichomwita?"

"Nimesoma."

"Yeye ndiye mtu pekee anayegonga mlango wangu bila kutumwa na ofisi."

Nikakata kona ya soko la samaki, kisha kona nyingine, nikaifuata barabara ya baharini. Hesabu yangu ilikuwa moja: tukichelewa, Sun-im atakuwa ameshasaini, yamekwisha, na lawama nitabeba mimi.

"Kaka, unazunguka. Hapa tumeshapita."

"Kule kuna foleni."

"Kazi yangu mimi ni kujua njia za mkato. Geuza gari."

Nikageuza. Nifanye nini?

Tulimkuta Sun-im kalamu mkononi. Afisa Yang alikuwa anamuuliza tena, "Mama, una hakika? Fedha taslimu zote hizi ulizitumia wewe mwenyewe? Kwa lipi?"

"Nilinunua mikoba."

"Mikoba."

"Mingi."

Ningecheka kama nisingekuwa na kiwewe. Sun-im akageuka, akamwona Chang-beom, rangi ikamtoka. "Pyo! Mshenzi wewe! Umemleta!"

"Amekuja mwenyewe!"

"Kwa hiyo amekuja kwa miguu yake?"

Akaziba mdomo. Watu wa madirisha ya pili waligeuka kututazama. Chang-beom ndiye aliyecheka, peke yake, kisha akausogeza mwenyewe ule mkokoteni wake, ndivyo anavyokiita kiti chake, mpaka mezani. "Fedha zile ni zangu," akamwambia afisa. "Dada hakula hata moja. Alikuwa ananiletea."

"Usimsikilize," Sun-im akadakia. "Huyu mgonjwa, ana homa, dawa zimempanda kichwani."

"Sina homa."

"Unayo!"

Yang akaweka mikono yake mezani. Alimtazama yule mtu, kiti, mpira uliojitokeza chini ya shati, na nadhani alielewa yote palepale. "Kaka," akasema polepole, "uko kwenye posho?"

"Niko."

"Na kadi ya matibabu?"

"Ninayo."

"Nikiandika jina lako hapa, si mimi nitakayewapelekea watu wa posho. Lakini kompyuta zetu zinasomana. Watajua. Na mimi sitaweza kufuta." Akasimama. "Naenda kuchukua kahawa. Nikirudi nitauliza tena."

Tukabaki watatu. Sun-im alipiga magoti pale sakafuni na koti lake la harusi, akamshika Chang-beom mikono yote miwili. "Mdogo wangu. Duka likienda, nitaosha vyombo kwenye mahoteli ya watu, nitakula. Wewe kadi ikienda utakufa. Unanisikia? Utakufa, na mimi ndiye watakayenipa fedha za maziko yako nizishike. Usinifanyie hivyo, nakuomba."

"Dada, kila mwaka watu wa posho wananijia na swali moja: unaweza kufanya kazi? Nasema siwezi. Wakitoka tu, nageukia kompyuta, nafanya kazi kuliko Kaka Pyo."

"Kweli, kuliko mimi," nikasema. Ndivyo ilivyo, mimi Jumapili napumzika.

"Leo umeitwa mwizi kwa kazi hiyo. Kwa kazi yangu mimi. Nimekaa nasoma, na sikuweza hata kuinuka nikapiga meza." Akaugonga mkono wa kiti chake. "Wale hawanijui, Dada. Wanadhani mimi mtoto wa tajiri. Wewe ulinijua, na bado unataka niendelee kusema siwezi."

Sun-im alikuwa analia waziwazi, wala hafuti. Yang akarudi na vikombe vinne vya kahawa, akaviweka mezani, hakuna aliyegusa. Akaketi, akavuta kibodi.

"Jina?"

"Guk Chang-beom."

"Kazi?"

"Hana kazi," Sun-im akasema pale chini.

"Ninawinda," akasema Chang-beom.

"Hiyo haimo kwenye orodha yangu."

"Kuna nini?"

Yang akatafuta kwa muda. "Muuzaji wa mtandaoni."

"Andika hiyo."

"Una hakika, kaka?"

"Andika."

Akaandika. Ilikuwa kazi ya vidole tu, haikuchukua hata muda wa kuwasha pasi. Kisha akamwambia Sun-im kwamba fungu lile sasa lina mwenyewe, kwamba duka lake limesalimika, na kwamba anaweza kwenda nyumbani. Sun-im hakushukuru. Aliinuka, akamtwanga Chang-beom begani na mkoba wake wa turubai, mara moja, kwa nguvu, halafu akaanza kumfunga vizuri kola ya shati.

Kurudi, yeye alikaa nyuma na yale makoti. Chang-beom alichukua simu akaandika kundini yeye ni nani, yuko kwenye hali gani na nani alikuwa anamletea fungu lake. Simu zetu zikaanza kutetemeka kwa pamoja, radhi juu ya radhi, Mwenyekiti Seo ameandika maneno marefu kama hotuba. Sun-im hakuifungua yake. Mimi niliendesha nikitazama mbele, najaribu kufikiri tutamchangia vipi, na nani kati ya wale waombaji radhi atakuwa bado anachanga mwaka ukigeuka.

Tulipopita hospitali ya mkoa, Chang-beom alishusha simu mapajani.

"Kaka," akasema, "mtu mwenye kazi akilazwa pale, hulipa kiasi gani kwa siku?"

Sikujua. Mimi sijawahi kulazwa maisha yangu yote. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona Sun-im kajifunika uso na koti la mteja wangu. Chang-beom alisubiri kidogo, halafu akauliza tena.